USITIE KIDOLE GUMBA KATIKA KARATASI YA TAJIRI!

Ndugu madereva na utingo, nanyi mnaopakia miwa,

Mtu akaaye kando ya barabara ya Isebania, Migori, Awendo, Rongo mpaka Kisii na Oyugis ayajua haya bila kuambiwa. Malori yatoka mpakani usiku na mchana. Huku Awendo na Ndhiwa trekta za miwa zaburuta matrela gizani bila taa nyuma, na mtu akigonga trela twaambiwa ni bahati mbaya. Bahati gani hii isiyompata mwenye trela hata siku moja?

Tarehe 30 Juni 2023, pale njia panda ya Londiani, lori liliacha barabara likaingia katikati ya wachuuzi, abiria na watu wa bodaboda. Walikufa zaidi ya watu 50. Soko la Oyugis na la Rongo ni vivyo hivyo: mama zetu wameketi na nyanya zao hatua chache tu kutoka magurudumu.

Ajali ikitokea, anayekamatwa ni dereva. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki chaweza kumfunga hata miaka 10. Hatusemi dereva mlevi aachwe. Lakini sheria hiyo hiyo yasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 katika saa 24. Ni tajiri gani anayehesabu saa hizo? Yeye huhesabu safari. Hupiga simu usiku wa manane, "Umefika wapi?" Akiambiwa breki ni mbovu, hujibu zitatengenezwa wiki ijayo. Siku ya korti hayupo.

Mimi nilikuwako matangani kwa utingo mmoja, mwenzetu. Karani wa tajiri alifika na jeneza, magunia mawili ya unga, shilingi 20,000, na karatasi ya Kiingereza. Mjane akatia kidole gumba huku analia. Hakuna aliyemsomea. Marehemu alikuwa akipata shilingi 15,000 kwa mwezi. Sheria ya majeraha kazini ya mwaka 2007 yataka fidia ya kifo iwe mshahara wa miezi 96. Pigeni hesabu: ni shilingi 1,440,000! Na wala haihitaji kuonyesha ni nani aliyekosa. Yatosha kwamba mtu alikuwa kazini. Lakini madai yataka kuletwa kabla ya miezi 12 kupita, na matajiri wajua sana kuhesabu miezi hiyo.

Aliyegongwa naye si mfanya kazi wa lori, kama mwenda kwa miguu au mtu wa bodaboda, njia yake ni nyingine. Sheria ya bima, Sura 405, yamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya watu wengine, na bima hiyo hulipa hata shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Shtaka lifunguliwe kabla ya miaka 3. Akiwa amekufa, mkewe au mumewe, wazazi na watoto waweza kudai.

Yuko na yule wa pili, broka wa hospitali. Huyu huja kitandani kabla plasta haijakauka, ati ana wakili, toa sahihi tu, hulipi kitu mpaka tushinde. Uongo huu mkaukatae. Sheria ya Mawakili yamkataza wakili kupatana namna hiyo, tena yamkataza kugawana ada na mtu asiye wakili.

Basi chama chetu je? Twatoa ada kila mwezi, na siku ya ajali twachanga chai ya matanga. Hiyo ni aibu yetu, si ya tajiri. Tawi hili lataka sehemu ya ada iwekwe kando kwa wakili wa chama, afike korti ya Migori na ya Homa Bay. Asiye na uwezo aambiwe pia juu ya msaada wa serikali chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, maana wengi hawajausikia hata jina. Shauri hili litaletwa mbele ya mkutano ujao wa tawi, na viongozi wajiandae kujibu.

Kwa sasa, ajali ikitokea, andikeni namba ya lori na ya trela, namba ya stika ya bima, na majina ya walioona. Chukueni abstrakti ya polisi na fomu ya P3. Karatasi yo yote ya tajiri iletwe kwanza kwa katibu aisome, hata kama ni usiku.