Kahawa yetu isinywe maji yetu

Ndugu zangu, leo naomba niongelee maji, ila si yale ya kwenye hotuba za Wiki ya Maji. Naongelea maji ya kumenyea kahawa.

Kwa asiyeyajua mazingira ya huku, Kingerikiti ipo Wilaya ya Nyasa, ile iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Huku, na Umatengo kwa jumla, kahawa ndiyo karo, ndiyo bati, ndiyo mahari. Sasa angalia kalenda. Kahawa huanza kuiva kuanzia Mei, yaani mvua zikishakata. Miezi ileile ambayo kijito kinapungua na foleni ya ndoo kwenye bomba la mserereko inarefuka, ndiyo miezi ambayo mashine za kumenyea zinadai maji kuliko wakati wowote. Na mara nyingi mashine na ndoo vinategemea bonde lilelile!

Kwa njia ya zamani, kilo moja ya kahawa ya maganda (ile iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa) inaweza kula hadi lita 40 za maji. Piga hesabu ya kilo 50 tu: lita 2,000, sawa na madumu 100 ya lita 20. Mama anayebeba dumu kichwani anaijua hesabu hiyo kuliko mimi. Na yakishatoka mashineni si maji tena. Yamejaa sukari na utelezi wa tunda, yakichacha yanakuwa makali, yananuka, na yanamaliza oksijeni kijitoni mpaka samaki wanakosa pumzi. Mtu wa bondeni anachota hayohayo.

Hoja yangu ni nyepesi: mashine haina kiu ya maji safi. Maji ya kumenyea yanaweza kuchujwa maganda, yakaingia kwenye tanki, pampu ikayarudisha juu yakamenya tena na tena siku ileile. Maji safi yabaki kwa suuzo la mwisho. Zipo mashine za kisasa zinazotumia chini ya lita 1 kwa kilo ya matunda mabichi. Kwa kuwa kilo 5 hivi za matunda hutoa kilo 1 ya kahawa ya maganda, hapo tunaongelea lita 5 badala ya 40. Mwenye mashine ya mkono nyumbani naye ndoo mbili na chujio vinamtosha kuanzia.

Wazee wa AMCOS wataniuliza, je, kahawa haitanuka? Swali la haki kabisa, maana kahawa ikinuka bei inaanguka. Itanuka kama maji yamelala. Kwa hiyo kila jioni yamwagwe, ila si kijitoni: yaende kwenye mashimo mbali na chanzo, yatiwe chokaa kupunguza ukali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli kama hizi zikae nje ya mita 60 kutoka mtoni. Sheria ipo, anatakiwa mtu wa kwenda na kamba kupima.

Wala hizi si ndoto za mchana. Durban, Afrika Kusini, mwaka 2001 walizindua mtambo wa kusafisha majitaka, zaidi ya lita milioni 47 kwa siku, wakayauza kwa kiwanda cha karatasi na cha kusafisha mafuta ili maji ya bomba yabaki kwa watu. Dar es Salaam mwaka 2022 Mto Ruvu uliposhuka wananchi waligawiwa maji kwa zamu, wakati mabwawa ya majitaka ya Vingunguti yako pua na mdomo na viwanda. Hilo sijalielewa mpaka leo, lakini tuwaachie wa mjini.

Sisi tuna letu. Pesa? Halmashauri zinakata ushuru wa mazao kwenye kahawa hiyohiyo, ule uliopunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 mwaka 2017. Tanki, pampu, chujio na mashimo mawili si mradi wa kusubiri mfadhili. Madiwani wa Nyasa na Mbinga wakikaa kupanga bajeti, naomba waulize kwa kila mtambo, kwa jina lake: maji yanatoka wapi, na yakishamenya yanakwenda wapi? Na majibu yawe mezani kabla ya Mei.