WASTANI PEKEE HAUTOSHI



Wapendwa wanafunzi na wazazi, kila matokeo yanapotoka, swali linaloulizwa sana majumbani ni hili: "Wastani wa darasa ni ngapi?" Likitajwa jibu zuri, nyoyo hutulia. Sisi tunaona utulivu huo una hatari yake.

Tuchukue mfano wa wanafunzi saba waliopata alama 98, 96, 95, 40, 32, 30 na 29. Jumla ni 420. Ukigawanya kwa saba, wastani ni 60. Darasa linaonekana halina neno. Lakini hakuna hata mmoja aliyepata 60! Watatu wako juu kabisa, na wanne hawakufika hata 50. Wastani umewaficha.

Dawa yake si ngumu. Ipo programu ya kompyuta iitwayo Datamash. Ni ya mradi wa GNU, uliotangazwa Marekani mwaka 1983 ili watu wawe na programu wanazoruhusiwa kuzitumia, kuzinakili na kugawiana. Haina picha za kubofya. Unaiandikia amri kwa kibodi. Ukiziweka alama zile katika faili liitwalo alama.txt, kila moja kwenye mstari wake, unaandika:

datamash mean 1 median 1 min 1 max 1 < alama.txt

Hiyo 1 ni safu ya kwanza. Papo hapo hurudi majibu manne: 60, 40, 29 na 98, yaani wastani, alama ya katikati, ya chini kabisa na ya juu kabisa. Tuitazame ile 40. Mtoto aliyeipata tungemwambia yuko chini ya wastani, akaona haya mbele ya wenzake. Kumbe ni wa nne kati ya saba! Tatizo si lake peke yake, ni la zaidi ya nusu ya darasa, na sisi walimu tumo.

Programu hii ukiiwekea herufi mahali pa tarakimu, husimama na kukutajia mstari wenye kasoro, haibahatishi. Lakini ukiandika 92 badala ya 29, itaipokea kimya kimya. Haimjui mwenye alama wala haki yake. Amana hiyo inabaki kwa mwandishi.

Rai yetu ni hii. Walimu tusitangaze wastani bila alama ya katikati na ya chini, na orodha isomwe na watu wawili, mmoja akiwa na daftari mkononi. Wanafunzi wakubwa wajifunze amri hizi, kwani ni chache. Nanyi wazazi, mkishaambiwa wastani, ulizeni: "Na wale wa chini wanasaidiwaje?"