Hukumu ya Kidole Gumba

Kusoma habari ni kazi moja, na kuihukumu ni kazi nyingine. Ya kwanza yataka macho. Ya pili yataka akili, subira na haki. Siku hizi kazi hizi mbili zimechanganywa katika simu za mkononi, na aghalabu ya pili hufanywa kabla ya kwanza kwisha. Picha ya kale huletwa katika mtandao wa kijamii. Mara mmoja huweka alama ya moyo, wa pili hucheka, na wa tatu huandika kwamba zamani kulikuwa kwema kuliko leo. Kidole gumba kimekwisha kutoa hukumu, wala shahidi hata mmoja hajaitwa.

Natutwae mfano ulio karibu nasi. Picha za Nairobi ya wakati wa ukoloni hupendwa mno. Barabara ya Delamere, ambayo leo yaitwa Kenyatta, huonekana pana na tulivu. Mtazamaji huugua akisema, "Laiti siku zile zingerudi!" Zirudi kwa faida ya nani? Usione vyaelea, vimeundwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 Mwafrika mwanamume aliyetimiza umri wa miaka 16 alishurutishwa na sheria kuchukua kipande, hati yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake. Wengi walikitundika shingoni ndani ya kikopo. Na Aprili 1954 askari waliuzingira mji huo, wakawatia vizuizini watu zaidi ya 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru. Utulivu ule ulikuwa na bei yake, na waliolipa hawaonekani katika picha.

Yako mambo mazito kuliko hayo. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walikufa katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Msomaji mwepesi angaliipokea, akasikitika kidogo, akapita zake. Lakini walikuwapo watu wasioridhika, wakauliza maswali. Uchunguzi ukafunua kwamba wafungwa wale walikufa kwa kupigwa, katika kushurutishwa kufanya kazi. Basi uwongo wa habari haukuzaliwa pamoja na simu. Dawa yake pia ni ya zamani, nayo ni kuuliza.

Watasema vijana, "Neno dogo la mzaha litamdhuru nani?" Litamdhuru aliyeteswa, naye angali hai akisikia. Mwaka 2009 wazee wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London kwa mateso waliyopata vizuizini. Miaka minne ilipita, na nyaraka zilizofichwa zikatolewa, ndipo mwaka 2013 serikali ile ikatamka majuto yake na kukubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Jambo lililotaka miaka minne ya ushahidi mbele ya majaji, mtu hulikanusha kwa kicheko cha nukta moja! Huo si mzaha. Ni kuwatesa wazee mara ya pili.

Sisemi kwamba kuikumbuka zamani ni kosa. Mtu hupenda wimbo wa utoto wake, na mtaa aliolelewa, wala hana hatia. Tena anayelaani kila cha kale bila kukijua ana kasoro ile ile ya anayekisifu bila kukijua. Ninachokipinga ni uvivu unaojivika joho la maoni. Maoni ni haki ya kila mtu, lakini haki hiyo ina deni, na deni lake ni kujua.

Enyi wanafunzi, picha ya kale ikifika mikononi mwenu, kabla hamjaisifu wala kuicheka, ulizeni: Ilipigwa lini? Nani aliipiga, na kwa kusudi gani? Nani hayumo ndani yake, na kwa nini hayumo? Kama majibu hamnayo, yatafuteni vitabuni na kwa wazee. Kama hayapatikani, nyamazeni. Kunyamaza kwa asiyejua ni heshima. Kusema kwake ni ushahidi wa uwongo, nao ni uwongo hata ukiandikwa kwa kidole kimoja.