Wanaovaa nyeusi ni nani, na jumba la kale linawahusu nini?

Msikilizaj wetu, ukiona kwenye simu picha za vijana wa Uingereza waliovaa nyeusi tupu, midomo myeusi, wanja mzito, wakisherehekea katika jumba la kale, usikimbilie kusema ni ibada ya shetani. Nasi tulidhani hivyo mwanzoni. Ni Wagothi, wapenzi wa muziki wao na hadithi za kutisha.

Asili ya hadithi hizo ni Strawberry Hill, jumba la Horace Walpole lililoko Twickenham, London, lenye mnara kama ngome na madirisha yaliyochongoka kama ya kanisa. Walpole alisema aliota ndoto humo, akaandika The Castle of Otranto mwaka 1764. Muziki ulifuata karne mbili baadaye.

Kuvaa hivyo kuna hatari. Agosti 2007, mjini Bacup, Sophie Lancaster, miaka 20, alipigwa na vijana bustanini kwa sababu ya mwonekano wake, akafa. Wawili walihukumiwa kwa mauaji. Mwaka 2013 polisi wa Manchester walianza kuandikisha mashambulizi kama hayo kuwa uhalifu wa chuki. Ndiyo maana, kwetu, jumba lenye heshima likiwakaribisha Wagothi mchana kweupe, hiyo ni habari.