Injini Baridi na Mshahara wa Dereva



Huku mashamba ya chai upande wa Fort Portal, Uganda, asubuhi ni baridi. Msimamizi hufika akipiga kelele: washa, kanyaga mafuta, twende! Mwaka jana beringi za pikapu ya zamani zilikufa. Dereva mwenzetu akakatwa mshahara. Aliyemwamuru hakuulizwa neno.

Tuseme wazi. Injini ya dizeli haina cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa na pistoni, na chuma baridi hulinyonya joto hilo. Ndiyo maana zile plagi za kupasha moto lazima zingojewe kabla ya kuwasha. Tena oili ikiwa baridi huwa nzito, huchelewa kufika kwenye beringi. Ukikanyaga mafuta wakati huo, chuma husaga chuma.

Lakini wako wenzetu wanaoiacha ingurume nusu saa imesimama. Nako ni kuiharibu: bila kazi haipati moto upesi, na mafuta yasiyoungua huosha oili kwenye silinda. Dakika moja au mbili zatosha, kisha uondoke polepole, bila kuikaza mlimani, mpaka mshale wa joto upande. Na fundi asikushauri kung'oa thamostati (wengi hufanya hivyo!), maana injini itabaki baridi safari nzima.

Tunadai dakika hizo zihesabiwe kuwa kazi, tangu ufunguo unapogeuzwa. Oili nayo ibadilishwe kwa wakati. Anayeinunua si dereva.