Dume Anayeimba Si Jozi

Kinachonikera katika mjadala wa hesabu za ndege waimbaji ni kwamba bado tunasikia dume akiimba, tunaandika jozi moja, tunasonga mbele. Tunahesabu msimu wa kuzaliana kwa sababu ndipo ndege wanapopaza sauti, na msimu huohuo ndio unaowanyamazisha. Dume akishapata jike, wimbo hupungua sana. Anayeimba kutwa nzima mara nyingi ni yule aliyekosa mwenza. Huko Missouri, Marekani, watafiti walifuatilia aina mbili za ndege wa msituni wakakuta madume wapweke wanaimba mara kadhaa zaidi kuliko wenye majike. Basi msitu uliochakaa, wenye majike haba, unaweza kusikika umechangamka kuliko msitu uliojaa viota.

Ndege wa Kirtland, wa misonobari michanga ya Michigan, walihesabiwa kwa nyimbo: madume 432 mwaka 1951, madume 201 mwaka 1971. Ili kupata idadi ya ndege wote, hesabu ilizidishwa mara mbili. Baadaye ikabainika kuwa penye miti isiyowafaa, madume wengi zaidi hawakuwa na majike. Anguko lilikuwa la kweli, na hesabu hiyo ndiyo iliyolifichua, silibishi hilo. Ninachokataa ni kule kuzidisha.

Kwetu kuna ugumu zaidi. Tiva, yule mweusi mgongoni na mweupe kifuani, hupiga mbinja ya kengele, na mwenza wake hudakia kwa mkwaruzo papo hapo. Sikio geni husikia ndege mmoja. Tena wengi wa ndege wetu hufuata mvua. Ukihesabu tarehe ileile kila mwaka, mwaka huu utakuta madume wanaotafuta majike, na masika ikiwahi mwakani utakuta wazazi kimya, wadudu mdomoni. Grafu itashuka ilhali ndege ni walewale.

Katika toleo hili, makala ya vinasa sauti itawafaa wenye vifaa. Ile ya ndege wa mashambani isomwe kwa ramani zake. Ya pete za rangi miguuni nimeitanguliza makusudi, maana pete ndizo zinazotuonyesha nani ana mwenza na nani hana.

Kuanzia toleo lijalo, kila jedwali la hesabu lieleze mvua ilianza lini na ndege walikuwa katika hatua gani: kutafuta wenza, kuatamia au kulisha makinda. Lisiloeleza hatutalichapisha.