Msalaba wa Darubini ya Bunduki: Ukae Mbele au Nyuma?

Miongoni mwa vifaa vinavyotumia lenzi, darubini ya bunduki ni ya pekee kwa jambo moja: kosa la mtumiaji wake hulipwa na kiumbe kingine. Mwanafunzi akikosea kurekebisha hadubini hupoteza dakika chache tu. Mwindaji akikosea kuisoma darubini yake humjeruhi mnyama, naye mnyama huyo huenda kufia porini asionekane tena. Nchini Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, bali nchini Tanzania uwindaji wa leseni ungali halali. Kwa hiyo swali la darubini ipi imfaayo mwindaji lina uzito, na jibu lake limo katika somo la lenzi lifundishwalo katika shule zetu za sekondari.

Darubini ya lenzi mbili mbinuko ilielezwa na Johannes Kepler katika kitabu chake cha mwaka 1611. Lenzi ya mbele hufanya taswira ya kitu ndani ya bomba, nayo lenzi ya jicho huikuza taswira hiyo. Kwa kuwa taswira hiyo ni halisi, uzi mwembamba ukiwekwa mahali pale pale ilipo, jicho huuona uzi na taswira kwa pamoja, vyote viwili vikiwa dhahiri. Mwingereza William Gascoigne alilitambua jambo hilo kiasi cha mwaka 1640, akaweka nyuzi katika darubini yake ya kupimia nyota. Msalaba wa kulengea uliomo katika darubini ya bunduki ni mjukuu wa nyuzi hizo.

Darubini ya Kepler, hata hivyo, huonyesha vitu juu chini. Mwanafalaki haimsumbui, bali mwindaji hawezi kuitumia hivyo. Kwa sababu hiyo huwekwa lenzi nyingine katikati ya bomba ili kuisimamisha taswira. Basi pana taswira mbili: ya kwanza, iliyopinduka, mbele ya lenzi hizo za kati, na ya pili, iliyosimama, nyuma yake. Mahali pa taswira ya kwanza huitwa bapa la kwanza la fokasi, na mahali pa ile ya pili huitwa bapa la pili. Katika darubini ambayo ukuzaji wake hubadilishwa, lenzi za kati ndizo zisogezwazo. Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Msalaba ulio katika bapa la kwanza hukuzwa pamoja na mnyama. Ulio katika bapa la pili haubadiliki machoni, hata mnyama akikuzwa kiasi gani.

Wanaotetea bapa la kwanza wana hoja yenye nguvu. Misalaba mingi ya siku hizi ina alama za kupimia kushuka kwa risasi. Tuseme alama ya kwanza chini ya kitovu cha msalaba ni milirediani 1, yaani sentimita 30 kwa umbali wa mita 300. Katika bapa la kwanza kipimo hicho ni cha kweli kwa kila ukuzaji. Katika bapa la pili huwa cha kweli kwa ukuzaji mmoja tu, ambao mara nyingi ni ule wa juu kabisa. Ikiwa alama zimepimwa kwa mara 12, naye mwindaji ameiacha darubini kwenye mara 6, alama ile ile sasa ni milirediani 2, yaani sentimita 60. Mtu aliyetaka kuipandisha risasi sentimita 30 ataipandisha 60. Kifua cha swala pala hakifikii nusu mita kwa kina. Risasi iliyokusudiwa moyo itapita juu ya mgongo, au mbaya zaidi, itauparua.

Hata hivyo, naona kwamba kwa mwindaji wa pori la miombo bapa la pili ndilo bora, na sababu yangu ni mwanga. Wanyama wengi hutoka kulisha alfajiri na jioni. Upana wa mwali utokao kwenye darubini ni kipenyo cha lenzi ya mbele kikigawanywa kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 42 ikikuza mara 12 hutoa mwali wa milimita 3.5, ikikuza mara 6 hutoa wa milimita 7, ambao ni takriban upana wa mboni ya kijana katika giza. Basi kadiri mwanga unavyopungua, ndivyo mwindaji anavyolazimika kupunguza ukuzaji. Lakini kufanya hivyo huufifisha msalaba wa bapa la kwanza. Uzi wenye unene wa milirediani 0.05 ukikuzwa mara 12 huonekana kwa unene wa 0.6, ambao jicho huutambua bila taabu. Ukikuzwa mara 3 huwa 0.15 tu. Mbele ya karatasi nyeupe mchana bado utaonekana. Mbele ya kichaka cheusi magharibi utapotea. Saa ile ile mwindaji anapouhitaji zaidi, ndipo unapomkimbia.

Yupo atakayejibu kwamba wawindaji wa Ujerumani na nchi jirani walitumia bapa la kwanza kwa miaka mingi, nao huwinda nguruwe mwitu gizani. Ni kweli, lakini misalaba yao ilikuwa na nguzo nene, na kwa ukuzaji mkubwa nguzo hizo huonekana nene zaidi machoni. Hali kadhalika ni kweli kwamba katika bapa la pili, lenzi za kati zikiwa zimelegea, kitovu cha msalaba huweza kuhama pale ukuzaji unapobadilishwa. Hiyo ni sababu ya kuijaribu darubini kwenye kiwanja cha shabaha kwa kila ukuzaji kabla ya kwenda porini. Si sababu ya kuikataa.

Zaidi ya hayo, porini miti hukatiza macho, na ni nadra kumwona mnyama vizuri akiwa mbali sana. Bunduki ya kuwindia wanyama wa ukubwa wa kati ikirekebishwa kwa mita 200, kwa kawaida risasi yake haipandi zaidi ya sentimita 8 hivi kabla ya kufika hapo. Katika umbali huo alama za chini hazihitajiki, kitovu kinatosha. Anayezihitaji yuko mbali mno, naye hana budi kunyata asogee, au amwache mnyama aende zake. Alama za kupimia zisigeuzwe kuwa kibali cha kufyatua kutoka mbali.

Walimu wa fizikia wanaweza kulithibitisha jambo hili darasani bila bunduki. Chukua lenzi mbinuko tatu, za fokasi sentimita 30, 10 na 5. Elekeza ile ya 30 kwenye mti wa mbali, kamwe si kwenye jua, na unyooshe unywele mmoja sentimita 30 nyuma yake. Weka lenzi ya 10 sentimita 20 kutoka kwenye unywele huo. Unywele wa pili uwe sentimita 20 nyuma ya lenzi hiyo, kisha uangalie kwa lenzi ya 5. Sasa sogeza lenzi ya kati ibaki sentimita 15 kutoka kwenye unywele wa kwanza, na urudishe nyuma unywele wa pili pamoja na lenzi ya jicho kwa sentimita 5. Mti utaongezeka maradufu, na unywele wa kwanza kadhalika. Wa pili utabaki vile vile. Wanafunzi waulizwe sababu kabla ya kuambiwa, nao wahakikishe kwa kanuni ya lenzi.

Mwanafunzi aliyefahamu jaribio hilo hatadanganywa na muuzaji asemaye kwamba darubini fulani ni bora kwa kila kazi. Atauliza kwanza: kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na kwa ukuzaji upi? Akiwa mwindaji siku moja, maswali hayo matatu yatampunguzia mnyama mateso.